Reki za paleti: nguzo za Ulaya, boriti za Marekani, zafaa pamoja?

GodauniShimanzi: Wakuu, tunafunga reki za mtumba Shimanzi, Mombasa. Makaratasi ya nguzo yanataja EN 15512, kanuni ya Ulaya ya kusanifu reki, ya boriti yanataja MH16.1, ya Marekani. Boriti ni mm 2700, kila jozi ibebe paleti 2 za kilo 1000. Vidole vya boriti (ndoano za ncha zake) vinaingia matunduni bila shida. Nikichukua kiwango kidogo cha mzigo kati ya viwili nikakiandika kwenye kibao, si yatosha?

FundiChuma: Haitoshi. Kuingia matunduni si kushika. Kwa urefu wa ujia reki nyingi hazina mikingamo (vyuma vya mshazari), zinasimama kwa ukakamavu wa kiungo cha boriti na nguzo. Ukakamavu huo hupimwa maabara kwa jozi ileile. Jozi yako haijapimwa na yeyote, kwa hiyo hicho "kiwango kidogo" hakipo.

Hata hesabu zenyewe hazichanganyiki. Ulaya huzidisha uzito wa paleti kwa 1.4, na boriti isipinde zaidi ya 1/200 ya urefu wake: kwako mm 13.5. Marekani inaruhusu 1/180, yaani mm 15, lakini inapokagua uimara wa boriti huongeza robo ya paleti moja kwa kishindo cha foklifti: kwako kilo 250. Ukichukua ile 15 ukaacha hizo 250, umejipendelea mara mbili.

GodauniShimanzi: Na pini za usalama? Baadhi hazipo.

FundiChuma: Hapo wanakaribiana: pini ihimili nguvu ya kwenda juu, Ulaya kilonyutoni (kN) 5, Marekani ratili 1000, kama kN 4.4. Uma wa foklifti ukinasa boriti wakati wa kuinua, pini ndiyo inayoizuia isichomoke. Msumari haufai.

MkaguziPwani: Niongeze la nguzo. Marekani inavumilia mwinamo wa nusu inchi kwa kila futi 10. Nguzo ya mita 6 ni mm 25. Ulaya, kwa njia pana za foklifti, 1/350 ya kimo: mm 17. Halafu weka rula ya mita 1 kwenye upande uliobonyea. EN 15635, kanuni ya Ulaya ya kutumia na kukagua reki, inakubali mbonyeo wa mm 5 kuelekea urefu wa ujia, mm 3 kuelekea kina cha reki. Ikizidi maradufu, shusha mzigo papo hapo. Kwa chumvi ya huku, chunguza kutu pale nguzo inapokutana na pleti ya chini. Rangi mpya ya mtumba huficha mengi.

GodauniShimanzi: Basi boriti nazirudisha, nitafute za aliyetengeneza nguzo.

FundiChuma: Naam, na jedwali lake la mizigo. Unene wa nguzo upime kwa maikromita, usiamini stika.