Mjadala: Lupanga ijengewe vibanda na vyoo, au iachwe ilivyo?

Kila tukishuka Lupanga hoja inayozuka ni ileile: mlima ujengewe vyoo, ngazi na vibanda vya kupumzikia, watu waje kwa wingi. Wenye hoja hiyo hutaja Kilimanjaro, kwamba njia ya Marangu ina vibanda Mandara, Horombo na Kibo. Mimi napinga, ingawa si yote.

Kwa asiyepajua, Lupanga ni kilele cha Uluguru kinachoitazama Morogoro mjini, zaidi ya mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, ndani ya Hifadhi ya Mazingira Asilia. Unapita migomba na mashamba ya Waluguru, kisha msitu unakumeza. Njia ni tope na mizizi. Kuna mahali unapanda kwa mikono, umeshika mzizi kama kamba, soli ya mwenzako wa mbele iko usawa wa pua yako.

Marangu ni safari ya siku kadhaa, lazima mtu alale. Lupanga ukianza alfajiri, jioni uko mjini unakula. Kibanda cha nini? Kibanda kitataka kuni, na kuni zitataka panga. Maji ya Uluguru ndiyo yanayoujaza mto Ruvu, na Ruvu ndiyo inayoinywesha Dar es Salaam. Yumo pia ndege ambaye wataalamu wanamwita Malaconotus alius; hapatikani kwingine kokote duniani.

Kilichonilegeza ni safari yetu ya mwisho. Dada mmoja hakugusa maji tangu asubuhi, tukadhani ndivyo alivyozoea. Kumbe alikuwa anaogopa haja ndogo: wanaume kumi na mmoja, yeye peke yake, njia nyembamba. Saa saba mchana misuli ya miguu ikamkaza, akakaa kwenye tope analia. Kosa lilikuwa letu, hatukumuuliza. Tulimshusha hatua kwa hatua, tukafika mashambani giza limeshaingia. Na kila tuliposimama kumpumzisha, nyuma ya mti kulikuwa na karatasi za chooni za waliotutangulia. Kwa hiyo na ninyi mnaosema msitu uachwe ulivyo, jueni umeshaguswa.

Ninachopendekeza: choo na bomba la maji pale mashamba yanapoishia, kisizidi hapo hata hatua moja. Kundi lisipite bila mwongozaji wa vijiji vya palepale, anayejua wapi pa kusimama, wanawake wapewe faragha yao, na kila karatasi irudi kwenye mfuko. Sehemu ya ada ibaki kijijini, kwa sababu moto ukizuka msituni wanakijiji ndio wa kwanza kuuona.

Wanaotaka choo juu kileleni, nijibuni hili moja: masika kikijaa, nani atapanda kukitapisha, na ataumwaga wapi uchafu huo?