Konda kanitangaza mlevi gari zima, mimi ambaye hata maji napimiwa!

Wakuu, mkono unatetemeka na safari hii si ugonjwa, ni hasira. Nimeshuka garini sasa hivi, hata viatu sijavua.

Yule konda wa Gongo la Mboto. Mnamjua. Simtaji na wala haina haja, kila aliyewahi kutoa elfu tano akashushwa bila chenji anamjua. Mwenye sauti ya mnada wa mitumba, kofia haivui hata jua liwake ndani ya gari. Huyo huyo.

Mimi ni mtu wa mashine. Figo zangu zimestaafu kabla yangu. Jumatatu, Jumatano, Ijumaa nalala masaa 4 na sindano mbili nene mkononi, moja inatoa damu, nyingine inairudisha. Naamka saa 9 usiku niwahi shifti ya saa 12, maana ukichelewa hawakufidii, kuna mwenzio nje anasubiri kitanda. Ukitoka pale umekamuliwa maji lita 3, presha iko uvunguni, magoti yanabishana lipi litangulie. Kwa hali hiyo ndiyo nimepanda gari leo saa 5 asubuhi.

Siti hakuna. Nimeshika bomba, gari likaondoka kwa fujo, nikamwangukia mama mmoja mwenye ndoo ya dagaa. Nikamwomba radhi, kanielewa, yakaisha. Konda ndiye hayakumwisha. Kanitazama juu mpaka chini, halafu kwa sauti ya kusikika mpaka TAZARA: "Mzee, saa tano asubuhi ushalewa?"

Gari zima likacheka. Dereva kacheka. Wale dagaa kwenye ndoo walicheka.

Mlevi! Mimi! Mimi niliyeruhusiwa nusu lita ya maji kwa siku, na humo humo imo ya kumezea dawa, na mchuzi unahesabiwa! Kiu ikinibana nanyonya kipande cha barafu kama mtoto anayeota meno. Ushalewa!

Nikamwambia, kijana, mimi mgonjwa, natoka kusafisha damu. Akanijibu, "Hata gongo inasafisha, mzee." Wakacheka raundi ya pili.

Kufika Mombasa nashuka, kanishika mkono. Upi? Wa kushoto, wenye fistula, mshipa waliouunganisha kwa upasuaji ili sindano zipate pa kupita, ukiugusa unanguruma kama friji kuukuu. Mkono huo sipimwi presha, sibebei mfuko, saa yenyewe nimehamishia kulia. Yeye kauvuta kama anang'oa muhogo: "Suka simamaaa, shusha mleviii!" Plasta imeloa damu mpaka kwenye shati. Shusha mlevi. Jamani.

Na asije mtu kuniambia panda bajaji. Bajaji toka kwangu mpaka mjini elfu 15, kwenda na kurudi 30, mara 13 kwa mwezi. Pigeni wenyewe. Bima inalipa mashine, nauli haiijui.

Saa tano asubuhi ushalewa!

Mjukuu wa Pugu: Namjua huyoooo! Mimi aliniambia "dada punguza kichwa, dereva haoni kioo." Nikashuka kituo kisicho changu.

Hamnazo: Chai hii. Imekolea tangawizi.

Mwanzisha uzi: Chai gani na vinywaji nimekatazwa?

Hamnazo: 😂😂 Haya mzee, umeshinda. Ila dagaa kucheka hapana.

Mama Mapacha: Pole sana baba yangu. Kunywa madafu mawili na ndizi mbivu, nguvu zinarudi hapo hapo.

Mwanzisha uzi: Ahsante mwanangu, ila hapo umenichimbia kaburi. Madafu na ndizi vimejaa potasiamu, figo zangu haziwezi kuitoa, ikizidi moyo unasimama. Itakuwa "suka simama, shusha marehemu."

Tabibu wa Mizizi: Figo zinapona kabisa, mashine utaiaga. Nicheki inbox.

Mwanzisha uzi: Wewe ndiye umelewa.

Konda Mstaafu: Tusimhukumu kijana kwa kusikia upande mmoja. Tajiri anataka hesabu yake jioni, hasikilizi habari za presha. Na walevi wa asubuhi wapo, nimefua viti vya watu miaka sita mimi. Mzee angeonyesha tu kadi ya hospitali.

Mwanzisha uzi: Mkono mmoja bomba, mmoja una kidonda. Kadi niishike kwa meno?

Denti wa Banana: Mzee angalau wewe walikupandisha. Sisi wakiona sare tu konda anaziba mlango kwa tumbo. Nilifika shule kipindi cha tatu, nikachapwa, nikaulizwa kwa nini sikuamka mapema. Niliamka saa 10!

Pwani si Kenya: Wee mzee, Mombasa gani hiyo yenye daladala? Huku kwetu ni matatu.

Mwanzisha uzi: Mombasa ya Ukonga. Ni kituo.

Pwani si Kenya: Mliiba hadi jina?? 😂

Kimara Mwisho: Nyinyi mna konda wa kuwatukana, sisi wa mwendokasi hata wa kututukana hatuna, unatukanwa na mlango. Watu wanaingilia dirishani. Mama yangu naye ni wa mashine, mara tatu kwa wiki kama mzee hapo juu. Siku Jangwani pakijaa maji barabara inafungwa, na kliniki haijui habari za Jangwani. Kuna siku tulishindwa kuvuka, tukaahirisha. Usiku ule hakuweza kulala chali, alikaa kitandani ameegemea ukuta anahema kama amekimbia, maji yamempanda mapafuni. Asubuhi tulikodi gari kwa hela ya kodi ya nyumba.

Mjukuu wa Pugu: Duh. Pole.

Mtu wa Feri: Jangwani panakauka. Njoo Kigamboni usubiri kivuko uone.

Hamnazo: Si mna daraja tangu 2016?

Mtu wa Feri: Daraja liko Kurasini, mimi nakaa Feri, nizunguke kote huko niende Posta ninayoiona kwa macho??

Hamnazo: Ogelea.

Denti wa Banana: Daraja lenyewe magari yanalipia.

Konda Mstaafu: Na daladala nazo zinapita hapo, nauli inapanda, halafu abiria anamlaumu konda.

Mjukuu wa Pugu: Nani kamtaja konda? Rudisha chenji zetu kwanza.

Konda Mstaafu: Chenji nitoe wapi, kila mtu anapanda na noti nzima alfajiri. Hiyo elfu tano alinipa nani, mimi natengeneza shilingi mia?

Mama Mapacha: Mimi nadaiwa na kudai. Kuna konda ana mia nne yangu tangu Januari, nikimwona anajifanya analala mlangoni.

Mwanzisha uzi: Damu imekata, nimebadilisha shati. Wakuu, keshokutwa Jumatano narudi tena. Kuna yeyote anayemjua mwenye bajaji maeneo ya Ukonga, wa kunipeleka saa 10 alfajiri kwa bei ya mwezi? Hata ya kwenda tu, kurudi nitajua.

Mtu wa Feri: Mama Mapacha, mia nne hiyo ni ya njia gani? Nina wangu ana mia tatu yangu, amekosa jino la mbele.

Mama Mapacha: La juu au la chini?