Majirani wa Uyole: kuunga, kuungana, kuunganisha

Mama Neema: Habari za jioni majirani. Hivi kuunga na kuunganisha ni kitu kimoja? Kwenye daftari la darasa la sita wamevitofautisha.

Mwalimu: Salama, Mama Neema. Mzizi mmoja, kazi tofauti. Kuunga ni kukifanya kilichokatika au kilichopungua kiwe kizima: kamba, mfupa, mbao. Kuungana, vyenyewe vinakutana. Kuunganisha, yupo wa tatu anayevikutanisha, kama fundi umeme na nyaya zake. Ndiyo maana ni Jamhuri ya Muungano: Tanganyika na Zanzibar ziliungana 26 Aprili 1964. Ukisema "muunganisho" maana imehama.

Bibi Atu: Na mboga? Mboga ya kuungwa haikukatika popote.

Mwalimu: Hapo ndipo neno linaponoga, Bibi. Mboga chukuchuku imepungukiwa, ukiitia kitunguu, nyanya na mafuta umeiunga. Na vya kuungia tunaviita viungo, jina lile lile la kiungo cha goti.

Bibi Atu: Basi wa karanga wasikosee. Majani ya maboga mafungu 2, karanga za kusaga vijiko 4 vya kulia. Zikoroge kwanza kwenye nusu kikombe cha maji ya baridi. Ukizimwaga kavu kwenye mboga inayochemka zinafanya madonge, ndani mabichi. Moto mdogo, usifunike, inafurika. Mafuta yakianza kuelea juu, imeungika.

Baba Tumaini: 🙏🏾 Babu shikamoo. Miche ya parachichi mbona tunasema kubebesha?

Babu wa Kitalu: Marahaba. Kubebesha ni kwa kinachoonekana, shina limebeba kikonyo, yaani kijiti kilichokatwa kwenye mparachichi mwingine. Ndani kinachofanyika ni kuunga kwelikweli. Shina liwe nene kama penseli, ulikate sentimita 20 hivi kutoka kwenye udongo, ulipasue katikati sentimita 3. Kikonyo cha sentimita 10 hadi 15 ukichonge kama kabari, urefu ule ule wa mpasuo. Sasa angalia: chini ya ganda kuna utando mwembamba wa kijani, unateleza ukiugusa. Utando wa kikonyo lazima uguse wa shina, walau upande mmoja. Kikonyo kikiwa chembamba usikiweke katikati, kisogeze pembeni.

Baba Tumaini: Vyangu vinakauka wiki ya pili.

Babu wa Kitalu: Kisu butu kinaponda, au jeraha lilikaa wazi likakauka. Chonga, chomeka, funga papo hapo. Nailoni izungushe kutoka chini kwenda juu, mizunguko ipandane kama vigae, maji yasiingie. Kisha uvike kimfuko kinachoonyesha, miche ikae kivulini.

Mama Neema: Na nailoni inatolewa lini?

Babu wa Kitalu: Kikonyo kikichipua na kidonda kikivimba kuzunguka, kama miezi 2 au 3. Ukiisahau inakaba shina, upepo ukija linakatika pale pale. Machipukizi ya chini ya kiungo yang'oe kila wiki, na siku ya kupanda shambani kiungo kibaki juu ya udongo.