MREJESHO: Kubadili pesa ya Kenya, Dar au Namanga?

Wakuu, niliuliza nibadili shilingi zetu ziwe za Kenya hapa Dar au nisubiri mpakani Namanga. Shukrani kwa wote mliojibu.

Nilifuata ushauri wa kubadili hapahapa mjini, duka lenye leseni ya BoT (Benki Kuu), pasipoti mkononi, na risiti nikadai. Ubaoni kuna bei mbili. Anayetaka pesa ya Kenya aangalie ile ya KUUZA, ndiyo kubwa. Mfano ikiwa TSh 21 kwa KSh 1, milioni moja inatoa KSh 47,619. Piga hesabu kwenye simu yako kabla hujatoa hela. Aliyesema niwakwepe vishoka wa mpakani, ubarikiwe: noti wanaikunja katikati, inahesabiwa mara mbili. Kagua pia noti ya elfu: mbele iwe na KICC, lile jengo refu la mikutano la Nairobi, maana zile za zamani ziliisha kazi 30 Septemba 2019.

Kilichogoma ni chenji. Duka lilikuwa na noti za 1,000 tupu, na makonda wa matatu (daladala za Kenya) asubuhi hawataki hata kuziona. Za 50 na 100 ziulizie mapema kwa simu. Sarafu zimalize hukohuko, ukirudi nazo Dar hakuna anayezipokea.