Alama fiche kwenye mfuko wa kahawa: nyeupe na nyeusi hazisomeki

Msanifu wa Moshi:
Wakuu, naombeni msaada. Nina mfuko wa kahawa wa gramu 250, mteja anauza Ujerumani. Ametaka mfuko mzima uwekwe alama fiche ya kidijitali, yaani msimbo usioonekana kwa macho ila husomwa na kamera. Faili imerudi ikiwa na alama tayari. Kwenye prufu (chapa ya majaribio), simu inasoma picha ya mlima mara moja, lakini mgongo mweupe na ukanda mweusi wa chini, kimya. Pleti za flekso, zile laini za kuchapia mifuko, zinatengenezwa Ijumaa. Nimekosea wapi?

Fundi Pleti:
Dada, hujakosea, ni sanaa yenyewe haina mahali pa kuficha kitu. Alama hii inaishi kwenye tofauti ndogo za weusi na weupe kati ya nukta na nukta. Picha ya mlima ina vivuli tele. Mgongo wako ni wino mweupe mtupu, na ukanda ni nyeusi asilimia 100: hakuna cha kupanda wala kushuka. Mwombe mteja mgongo uwe krimu hafifu, na nyeusi ipunguzwe kidogo. Kabla ya hapo muulize mchapaji nukta ndogo kabisa anayoweza kuishika, maana flekso hupoteza nukta nyepesi, na prufu ya karatasi haitakuonyesha hilo.

Halafu, tafadhali sana, usiguse ukubwa wa faili baada ya alama kuingia. Mimi niliwahi kupunguza mfuko wa unga milimita chache ili uingie kwenye silinda ya mashine ya kuchapa. Macho hayakuona kitu. Ulipochapwa, upande mmoja ulisoma, mwingine ukagoma, tukarudia pleti zote. Nilikaa na ile mifuko mapajani nikiigeuzageuza chini ya taa hadi usiku. Ukihitaji kurekebisha, rudi kwenye faili isiyo na alama, alama iwekwe upya.

Mama Lebo:
Uliza pia alama ni ya kazi gani. Kama ni ya kaunta ya dukani, skana nyingi hutumia mwanga mwekundu, nao hauoni wino wa njano wala majenta (pinki iliyokolea). Unaona sayani (buluu ya kijani) na nyeusi tu. Simu kusoma si ushahidi.

Msanifu wa Moshi:
Ni ya kuchambua taka, Mama. Anataja HolyGrail 2.0, mradi wa Ulaya wa kutumia alama hizi kuchambua taka za vifungashio.

Fundi Pleti:
Basi ndiyo maana anataka mfuko mzima. Kule Copenhagen walijaribu kamera juu ya mkanda wa taka. Kila kijialama kina ukubwa wa stempu na kinarudiwa kote, ili mfuko uliokunjamana au kuchafuka ubaki na kipande kinachosomeka. Mgongo usiusamehe.

Msanifu wa Moshi:
Mteja amekubali krimu. Nyeusi bado anaing'ang'ania. Pleti nimezisogeza hadi Jumatano.