Mjadala: Je, mitambo ya kuzuia droni ijaribiwe karibu na viwanja vya ndege?

Mwanzisha mada:
Ndugu zangu, naomba tulijadili hili kwa uzito wake. Asubuhi ya tarehe 1 Machi 2025, ndege kadhaa zilizokuwa zikikaribia kutua katika uwanja wa Reagan National, Washington, zilipata tahadhari za mgongano kutoka kwenye TCAS, mtambo wa ndani ya ndege unaomwonya rubani kuhusu ndege nyingine iliyo karibu mno, ilhali FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, ilisema hapakuwa na ndege nyingine hapo karibu. Baadhi ya marubani waliacha kutua wakapaa tena. Mwishoni mwa mwezi huohuo Seneta Ted Cruz alieleza katika kikao cha Seneti kwamba chanzo kilikuwa majaribio ya mitambo ya kuzuia droni yaliyofanywa na Secret Service, idara inayomlinda rais wa Marekani, pamoja na Jeshi la Wanamaji, ingawa FAA ilikwisha kuwaonya wasitumie masafa ya redio waliyoyatumia.

TCAS huuliza kwa megahezi 1030, na transponda, yaani kifaa cha redio cha kujibu, ya ndege nyingine hujibu kwa 1090; kwa majibu hayo mtambo hukadiria umbali na mwinuko. Ukiona hatari, sauti huamuru kupanda au kushuka, na rubani hutarajiwa kuanza kutii ndani ya sekunde 5: anazima otopailoti, anashika usukani, anavuta. Hana nafasi ya kuhoji, na utii huo tumeupata kwa damu. Tarehe 1 Julai 2002, juu ya Überlingen, Ujerumani, mwongoza ndege aliwaambia marubani wa ndege ya Urusi washuke, TCAS ikawaamuru wapande, nao wakaendelea kushuka. Watu 71 walikufa. Baada ya ajali hiyo kanuni za kimataifa ziliwekwa wazi kwamba amri ya TCAS ndiyo ifuatwe. Kwa maoni yangu, anayesababisha tahadhari za uongo anaubomoa utii huo, hata kama siku hiyo hakuna aliyeumia.

Mchangiaji:
Ndugu, hoja yako nimeielewa, lakini siikubali yote. Droni ni tishio la kweli, na mtambo wa kuzizuia usiojaribiwa mahali utakapotumika hauwezi kuaminiwa siku ya shida. Isitoshe, chini ya futi 1,000 hivi TCAS haitoi amri ya kupanda wala kushuka, kwa hiyo rubani aliye karibu kabisa na ardhi hawezi kupotoshwa nayo. Aliye juu ya hapo atapaa tena, atapoteza mafuta na dakika kadhaa, kisha atatua salama. Je, hasara hiyo inazidi ile ya droni iliyobeba mlipuko?

Mwanzisha mada:
Mpaka huo wa futi 1,000 ndio unaonitia hofu zaidi. Tarehe 29 Januari 2025, kwenye uwanja huohuo, ndege ya abiria na helikopta ya jeshi ziligongana juu ya mto Potomac, wakafa watu 67. Marubani wa ndege ya abiria walipata tahadhari ya awali kama sekunde 20 kabla, lakini kwa kuwa walikuwa chini mno, amri ya kukwepa haikutoka. Tahadhari ya awali haimwambii rubani la kufanya. Humtaka atazame nje, aitafute ndege nyingine kwa macho, na usiku ule taa za mji zilikuwa nyingi. Rubani aliyeisikia sauti hiyo mara tatu katika wiki moja na kila mara akakuta anga tupu, atatafuta kwa bidii ileile mara ya nne?

Sipingi majaribio yenyewe. Ninachodai ni kwamba yasifanyike bila kibali cha maandishi cha FAA, kwa maana onyo peke yake limeonekana kupuuzwa. Kwamba waongoza ndege waambiwe saa ya kuanza na ya kumaliza. Na kwamba wawe na simu ya moja kwa moja kwa mhusika wa mtambo, ili rubani wa kwanza akiripoti tahadhari ya ajabu, uzimwe kabla ndege inayofuata haijafika.