Naomba ushauri: binti yangu anaanza chuo, suala la nguo linamnyima raha

Habari zenu wapendwa. Binti yangu ana miaka 18, kamaliza kidato cha sita na anakwenda kuanza chuo Dodoma. Tangu darasa la kwanza maisha yake ni sare. Nyumbani ni dera na kanga basi. Sasa kila nikigusia nguo za chuo ananyamaza, anasema watamcheka.

Jumamosi nilimpeleka mtumbani Karume. Akajaribu sketi moja ya jinzi, akajitazama kwenye kioo cha muuzaji huku watu wakipita, mikono ikaanza kumtetemeka. Tukarudi bila kitu. Sikumgombeza, niliumia tu.

Anapenda nguo zisizobana, rangi zilizopoa. Nafikiria nimpeleke kwa fundi ashonewe suruali mbili pana na mashati ya kitenge, maana kwa fundi hakuna umati wa kumtazama. Dodoma kuna upepo na vumbi, kwa hiyo nyeupe naona haifai, na sweta la jioni ni lazima.

Nina laki na nusu. Mliopitia hili na watoto wenu, mlianzia wapi? Nimwache achague peke yake, au niendelee kuwa naye?